Marathoni ya Uholanzi kwa Guta

Nilikuwa nimeshaupita mlango wa Kazija na ofisi tatu za kago ndipo nikagundua kwamba kiatu changu cha kushoto hakijafungwa kamba. Sikusimama. Mtu akishaaga hasimami, hasa kama amevaa kofia ya sufu na glovu katika mji ambao Januari yake ni sawa na asubuhi ya Lushoto. Nyuma yangu Kazija, anayetupikia sisi Waswahili wote wa mtaa huu, alikuwa kizingitini na mwiko mkononi.

"Marijani we! Na glovu hizo unakwenda kuvunja duka la nani?"

"Ni marathoni ya baridi, Bi Kazija. Lazima niiheshimu."

"Baridi ya wapi? Mimi hapa natoka jasho!"

"Ya Uholanzi!"

Ilikuwa saa moja asubuhi ya Jumapili hapa Sanyuanli, Guangzhou. Kwa Waholanzi ilikuwa saa sita za usiku, Jumapili yao ndiyo kwanza inazaliwa. Wao wenyewe walikuwa waanze saa nne ya asubuhi yao, katika kijiji ambacho jina lake hulitamki, unalikohoa. Kilomita arobaini na mbili na ushee, katikati ya mashamba, mifereji, matope na kondoo. Ila wameweka utaratibu: aliye mbali anaweza kukimbia hukohuko aliko, saa yoyote, mradi Jumapili ya Uholanzi haijaisha. Unaweka programu yao kwenye simu, simu inakupimia njia, na kila kilomita mwanamke mmoja anakwambia kwa Kiholanzi mahali ambapo ungekuwa unapita. Kiholanzi cha bandarini ninakijua. Miaka kumi na minne nilipika kwenye meli zilizokuwa zikilala Rotterdam.

Utauliza mzee wa miaka sitini na sita, mwenye goti moja tu zima, anatafuta nini kwenye shughuli hiyo.

Nina binti, Swalha. Nilimwacha huko na mama yake akiwa na miaka minane, nikasema nakwenda Antwerp mara moja kuangalia kazi. Mara moja hiyo sasa ina miaka ishirini na sita. Nilikwenda Antwerp, Durban, Dubai, nyumbani Tanga kidogo, halafu huku, ambako nafunga marobota ya watu. Swalha ana mtoto wake wa kike wa miaka sita, Maulida, ambaye sijapata kumwona ila kwenye kioo cha simu. Kazi ya Swalha ni zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Analea wazee wa watu, wa kwake anazurura. Nilikwisha kumwahidi kwenda mara kumi na moja. Desemba akaniandikia hivi:

"Baba, mwaka huu usiahidi. Hujawahi kumaliza kitu. Shule uliacha darasa la tano, chuoni ukaishia juzuu ya pili, ushonaji ukauacha kwenye mfuko wa suruali, mama ukamwacha kwenye foleni ya viazi. Nimekuandikisha marathoni ya kijijini kwetu, namba yako 3117. Ukimaliza, Aprili namleta Maulida Guangzhou. Usipomaliza, usinipigie simu tena."

Kila neno lilikuwa kweli, isipokuwa viazi. Ilikuwa foleni ya samaki.

Basi nikaingia Guangyuan Xilu, barabara ya majumba ya nguo za jumla. Milango ya chuma ilikuwa inapandishwa, wapagazi wanavuta marobota makubwa kuliko vyumba tunavyolala. "Kushoto kwako," akasema yule mwanamke sikioni, "utawaona ng'ombe wa maziwa. Wapungie mkono!" Kushoto kwangu kulikuwa na sanamu arobaini za kike zisizo na vichwa, zimevaa suruali za jinzi. Nikazipungia. Laobani mmoja, ndivyo tunavyowaita wenye maduka huku, akadhani naulizia bei. Akatoka mbio sambamba nami, anabonyeza kikokotoo.

"Meiyou," nikamwambia. Sina, sinunui.

Akanitazama miguu, akasikitika, akarudi dukani kwake.

Kilomita ya tano nilivua kofia. Ya saba, glovu. Ya tisa nilianza kumwomba Mungu, na kwa kuwa hatukuwa tumezungumza siku nyingi nikaanza kwa kujitambulisha. Ya kumi na moja, msuli wa nyuma ya mguu ukajikunja ukawa kama ngumi, nikaanguka juu ya rundo la maboksi. Bahati njema lilikuwa rundo la Dullah. Njia nilijichorea mwenyewe, nikaifanya ipite mlangoni kwake mara mbili, ili nikifa pawe na mtu wa kunitambua.

Dullah ni mtu wa kago, mzaliwa wa Kariakoo, ana miaka hamsini na kitambi cha miaka mia. Alikuwa anampimia mzigo Elisante, mwanafunzi kutoka Mbulu anayesomea udongo hapa mjini kwa ufadhili, aliyeleta mashine ya kusagia matunda apelekewe mama yake.

"Mzigo umekwama kilomita ya ngapi?" akauliza Dullah. Hakuuliza mimi nimeumia wapi.

"Kumi na moja. Saa tatu hii. Nimekwisha, Dullah. Sitamwona mtoto."

"Nani kasema? Agustino alipopasuliwa tumbo katikati ya manunuzi, tulifanyaje?"

Nilikumbuka. Agustino alilazwa kontena lake likiwa nusu. Watu watatu tukachukua orodha yake, tukamnunulia vilivyobaki, tukafunga, tukaandika jina lake, mzigo ukafika Dar. Ndivyo tunavyofanya kazi hapa. Anayekwama, wenzake wanamalizia, na kule mwisho jina ni la mwenye mzigo. Hakuna mtu forodhani aliyewahi kuuliza ulipandishwa kwa mgongo wa nani.

"Sasa nisikilize," akasema Dullah. "Wale Waholanzi wanapima nini? Wewe?"

"Mimi."

"Hapana, mzee. Simu. Simu ndiyo mzigo. Wewe ni usafiri tu, na usafiri umeharibika. Tunabadilisha chombo." Akamgeukia Elisante. "Bwana Udongo, wewe si unakimbia kila Jumapili?"

"Nakimbia. Kumi naweza," akasema Elisante. "Ila saa nne nina kikao na profesa. Na hii si udanganyifu, kaka?"

"Huyo profesa wako, makala yake huandika nani?"

"Mimi."

"Jina linatoka la nani?"

Elisante akainama kukaza kamba za viatu.

Ningependa kusema nilikataa. Nilimpa simu kabla hajainuka.

Nikachechemea hadi kwa Kazija, nikatia miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, nikala chapati nne na maharage ya nazi. Saa nne na dakika thelathini na tano Dullah akaingia, simu kainyanyua juu kama kombe la mpira.

"Arobaini na mbili na ushee! Kwa saa tatu na dakika thelathini na tano! Unaongoza wazee wote wa dunia, Marijani!"

"Wote?"

"Wengine bado wamelala."

"Elisante kakimbia zote hizo?"

"Kumi, halafu akaenda kwa profesa wake. Ishirini na moja nimemalizia mimi."

Kazija akamtazama kitambi. "Wewe? Wewe ukipanda ngazi zangu hizi huanza na shahada."

"Na guta," akasema Dullah bila haya. "Yule mpagazi wa Hunan alikuwa anapeleka marobota Zhongda, soko la vitambaa ng'ambo ya mto. Nimekaa juu ya robota, simu kifuani, kwenda na kurudi. Mzigo umefika, au haukufika?"

Ulikuwa umefika. Simu ililia papo hapo mkononi mwake. Huko Uholanzi ilikuwa usiku mkubwa, Swalha yuko zamu, na matokeo ameyaona.

"Baba, umemaliza. Nimelia mbele ya mzee wa miaka tisini na mmoja, akanipa leso yake. Asubuhi nikitoka zamu nakata tiketi za Aprili."

Dullah akaanza kucheza peke yake katikati ya jiko. Mimi nilisoma mara tatu. Sijui wengine moyo unawafanyaje, wangu uliruka kama samaki kwenye ndoo. Nilishaona uwanja wa ndege, Maulida anatoka na begi lake dogo, mimi nimesimama pale na medali shingoni.

Ujumbe wa pili ukaingia.

"Niambie kitu kimoja. Kilomita ya thelathini ilikuwaje? Ndipo ninapogawa supu ya njegere kila mwaka. Kila mtu huniambia kitu pale."

Nikashika simu kujibu. Nimedanganya polisi wa nchi tisa, manahodha, wake, wenye nyumba. Sikuwahi kukosa neno. Nikaandika "ilikuwa", nikakwama.

"Dullah, kilomita ya thelathini ilikuwaje?"

"Foleni," akasema Dullah. "Tulikuwa darajani. Tukapanda njia ya waenda kwa miguu."

Kazija aliacha kukoroga. "Mwandikie hivyo hivyo basi. Mwanangu, kulikuwa na foleni."

"Mwandikie ilikuwa ngumu," akasema Dullah. "Kila kitu ni kigumu. Ataelewa."

"Na mtoto akija Aprili amwulize babu yake?" Kazija akamgeukia. "Utakuja kumjibu wewe, juu ya robota?"

Nilikaa na miguu ndani ya beseni mpaka maji yakapoa. Nikamwuliza Dullah kama naweza kuanza upya na kuacha yale matokeo yakae pembeni, kama akiba. Akabonyezabonyeza.

"Namba moja, safari moja. Ukitaka kuanza upya unafuta ya kwanza. Na ukifuta hairudi. Mzee, usiwe mwendawazimu. Tiketi hiyo imeshapatikana!"

"Bado saa ishirini Jumapili yao iishe."

"Na goti lako?"

"Lete simu."

Nikafuta. Dullah akashika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyeona kontena linazama.

Mara ya pili sikuaga mtu wala sikuvaa glovu. Nilikwenda bustani ya ziwa Liuhua, ambako mzunguko mmoja ni kama kilomita mbili na mtu hawezi kupotea hata akitaka. Nilianza saa tano. Kukimbia nilikusahau, nilitembea, na pale penye mteremko nilijidanganya kidogo kwamba nakimbia. Sikumaliza hata robo ya mzunguko, Swalha akapiga.

"Baba, matokeo yako hayapo. Nimetafuta juu mpaka chini."

"Nimeyafuta."

"Kwa nini?"

"Kumi na moja nilikwenda mimi. Kumi akaenda Elisante, mtoto wa watu. Ishirini na moja zilikwenda na guta."

"Guta ndiyo nini?"

"Baiskeli ya magurudumu matatu, ya mizigo. Ya umeme."

Nyuma yake nilisikia mzee anakohoa, mzee mwenye mtu wa kumkalia usiku.

"Uko wapi sasa?"

"Kilomita ya kwanza."

"Nilikuwa nimeshatoa kadi ya benki, Baba. Iko hapa mkononi."

"Najua."

Akakata. Yule mwanamke wa Kiholanzi, ambaye hana habari na mambo ya watu, akaniambia nifurahie kinu cha upepo kilichoko kulia.

Mizunguko ishirini na moja. Wa nne nikampata mwenzangu: mzee wa Kikantoni wa umri wangu, anayetembea kinyumenyume akipiga makofi. Wazee wa hapa hufanya hivyo, wanasema ni dawa ya mgongo. Kwa kuwa alikuwa mbele yangu na uso wake uko kwangu, tulitazamana kama wachumba. Mzunguko wa sita nikagundua jambo la aibu: ananiacha. Mtu anakwenda kinyumenyume, hatazami anakokwenda, na ananiacha.

Kazija alikuja na chupa ya chai ya tangawizi. Elisante alikuja baada ya kikao chake, macho chini. "Mzee, samahani kwa zile kumi." Nikamwambia zilikuwa kumi nzuri kuliko zangu zote. Dullah alikuja kilomita ya ishirini na sita, akanong'ona, "Nipe simu nikusogezee mbili tu, za kupumzika," na Kazija akampiga kwa kifuniko cha chupa.

Hapo ndipo simu ikaanza kulia kwamba chaji inakwisha. Dullah alikuwa na betri ya akiba, lakini ni sampuli ya mteja wake, haiachi mikononi mwa mtu. Na waya wake ulikuwa mfupi kama mkono wa mtoto. Kwa hiyo kuanzia kilomita ya ishirini na saba, mwenye kitambi alitembea ubavuni mwangu, tumefungana kwa waya kama mbuzi wawili wanaopelekwa mnadani. Mara ya kwanza maishani mwake Dullah akasafirisha kitu kwa miguu yake. Alinitukana mpaka maneno yakamwishia, akaanza kukopa ya Kichina.

Saa kumi na moja jioni yule mwanamke akatangaza kilomita ya thelathini na supu ya njegere. Huko kwao ilikuwa saa nne asubuhi, bunduki ya kuanzia imelia, na Swalha lazima yuko tayari kwenye meza yake shambani, na sufuria na miiko yake. Nikabonyeza kurekodi sauti.

"Swalha. Hii ndiyo kilomita ya thelathini. Supu hakuna. Kuna bata, na akina mama wanacheza dansi na spika kubwa. Magoti yangu kila moja lina safari yake. Nataka kutapika, nataka kumpiga mtu, na aliye karibu ni Dullah. Hapa kuna benchi zuri sana, Swalha. Nikikaa siinuki. Antwerp nilikaa. Basi, ndivyo ilivyo."

Alama mbili zikageuka bluu. Amesikia.

Sikukaa. Sina maelezo zaidi ya hayo. Kuna sehemu kati ya thelathini na nne na thelathini na nane siikumbuki, Dullah anasema nilikuwa naongea na mama yake Swalha kuhusu samaki. Taa za bustani zikawaka, akina mama wakazima spika wakaenda zao, mwenzangu wa kinyumenyume alikuwa amekwenda kula zamani. Saa mbili na robo usiku, karibu na choo cha bustani, yule mwanamke akasema: "Uko mbele ya kanisa letu. Hongera. Umefika." Nilikuwa nimetumia saa tisa na dakika kumi na tano. Dullah akachomoa waya wake, akakaa chini palepale kwenye lami, akalia kwa ajili ya viatu vyake.

Kazija alinipa uji. Nilikuwa nimeumaliza nusu simu ilipolia. Haikuwa na maneno, ni picha tu: meza shambani, matope, watu wamevaa makoti, na katikati bakuli moja lililofunikwa kwa sahani. Juu ya sahani mtu ameandika kwa kalamu nene: 3117.

Matokeo yalitoka Jumatatu. Katika wakimbiaji walioko mbali nilikuwa wa mwisho. Medali ilifika Machi kwa posta. Nyuma yake palikuwa na alama ya kiwanda, na kiwanda chenyewe kiko mwendo wa saa mbili kutoka Sanyuanli. Dullah aliipima kwenye mizani yake, gramu tisini na tano, akasema kwa mzunguko huo angeileta mwenyewe kwa nusu ya bei. Bado yuko kwenye kago. Mteja alikataa sampuli ya betri. Yule mpagazi wa Hunan alikwenda kwao kwa mwaka mpya wao, guta akaliuza kwa mwenzake. Elisante alipata shahada yake, yuko Dodoma, na mama yake alipokea mashine ikiwa na ufa. Kazija aliongeza chumba kimoja, anapika supu ya njegere siku za Jumapili, haiulizwi sana. Mzee wa miaka tisini na mmoja alifariki Februari; leso yake Swalha hakuwahi kuirudisha.

Swalha hakuja Aprili. Alikuja Oktoba, yeye na mtoto, bila kuniambia mpaka siku mbili kabla, wakakaa siku tisa. Maulida hakutaka kuona medali, alitaka kuona guta, tukamtafutia, akazungushwa Sanyuanli nzima juu ya robota. Swalha alitembea nami mzunguko mmoja wa bustani. Aliniuliza benchi lipi, nikamwonyesha. Goti langu zima si zima tena. Mimi bado niko chumba kilekile.